Likizo ya mwaka jana ilinichosha kuliko kazi. Mwaka huu nibaki nyumbani?

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu, wa miaka 12, 7 na 3, tunaishi Kimara, Dar es Salaam. Kila Desemba tunakwenda kwao mume wangu, Rombo, kwa gari letu. Mwaka jana akasema maadamu tumeshafika huko, watoto waone na mbuga. Tukatoka Rombo tukaenda Arusha, Manyara, Ngorongoro, tukarudi Moshi, ndipo tukashika njia ya Dar. Wa katikati alitapika njia nzima, mkubwa alinuna, mdogo alilia, na mimi na baba yao tuliacha kuongea tangu Segera. Madeni ya safari tumelipa hadi Machi. Mwaka huu ameanza tena: anataka tupitie Lushoto, twende Rombo, kisha Tarangire. Wifi yangu anasema tuachane na yote twende Zanzibar. Mimi natamani wao waende, nibaki nilale. Je, mimi ni mama mbaya? Na tukienda, dada wa kazi nimchukue? – Mama Watatu, Kimara*

Marahaba, mwanangu.

Mama mbaya wewe? Hapana. Umechoka tu, na nilivyoisoma barua yako, watoto sio waliokuchosha. Nimeitafuta humo siku moja uliyokaa kitako, sijaiona.

Rombo ulikuwa mkwe. Krismasi Uchagani tunaijua: mabasi yanajaa, magari yanapanda mlima, ndama au mbuzi anachinjwa, wanaume wako na mbege yao uani, watoto wametawanyika migombani na binamu zao, na wewe uko jikoni tangu alfajiri mpaka sufuria la mwisho. Silaumu. Ndiyo heshima yetu, na mama mkwe wako anastahili. Lakini hiyo ni kazi, tena ya kusimama. Ukatoka kwenye kazi hiyo bila kupumua ukaingia nyingine: kufungasha nguo za watu watano kila asubuhi, kutafuta kiatu kimoja chini ya kitanda cha gesti, kumbeba aliyesinzia, kumpangusa aliyetapika. Na dereva naye akitaka chai, anakuuliza wewe chupa iko wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: tenganisheni kwenda kwao na likizo. Ni mambo mawili, msiyabane kwenye wiki moja. Desemba nendeni Rombo moja kwa moja, mkae na wazee, mle, msali, mrudi. Likizo ya kwenu watano iwe mwezi wa 6 shule zikifungwa. Masika yamekwisha, jua si kali, na barabara haina ile vurugu ya sikukuu.

Baba watoto akibisha, usianze na "mwaka jana ulitutesa". Mwekee kilomita mezani. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550, na hapo hamjapanda kutoka Himo kwenda Rombo. Moshi hadi lango la Ngorongoro na kurudi inakaribia kilomita 500 nyingine. Mlimpeleka mtoto wa miaka mitatu kilomita zote hizo kuangalia tembo, na tembo kwake ni wa dakika kumi. Baada ya hapo anataka maji na kokoto za kuchezea. Huyo wa miaka saba mwenye tumbo jepesi ndiyo kabisa. Lushoto ni pazuri, ile baridi yake mimi naipenda mno, ila barabara ya kupanda kutoka Mombo ni kona juu ya kona. Mwenye kutapika mpaka kwenye njia iliyonyooka ya Korogwe, huko utampandisha kwa ajili gani? Angoje akue.

Naye baba yao tusimwonee. Anataka wanawe waione nchi yao, jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii hata wakiwa na pesa. Shida yake ni kutaka waione yote kwa mkupuo mmoja. Mwambie achague mnyama mmoja au mbuga moja, basi.

Na mbuga ya watu wa Dar ipo karibu kuliko anavyofikiri. Treni ya umeme imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tangu 2024, na safari haifiki saa mbili. Choo kiko ndani, kwa hiyo hakuna kusimama porini kuchimba dawa na mtoto anayekataa nyasi. Mtoto anasimama, anachungulia dirishani, analala. Dereva wenu naye anakuwa abiria, jambo ambalo peke yake linaokoa ndoa. Laleni Morogoro usiku mitatu, chumba kilekile, kitanda kilekile, mabegi yafunguliwe mara moja tu. Siku ya katikati kodini gari hadi Mikumi, zaidi kidogo ya kilomita 100. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza mbugani kwa kama kilomita 50, kwa hiyo twiga, pundamilia na swala mnaweza kuanza kuwaona kabla hata hamjafika getini. Ndani, si mbali na geti, kuna bwawa la viboko. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana raia analipa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na mgeni. Walio chini ya miaka mitano hawalipi. Ingieni alfajiri wanyama wakiwa bado wanatembea, saa tano mtoke, mchana watoto walale. Siku nyingine zote msipange kitu. Kuna milima ya Uluguru ya kutazama, kuna matunda sokoni, inatosha.

Sasa wifi yako. Zanzibar ni wazo zuri, lakini muulize: upande gani, na tarehe ngapi ya mwezi? Watu wa bara wengi wanachagua hoteli kwa picha, wanafika Paje au Jambiani na watoto wameshavaa nguo za kuogelea, bahari haipo. Imekupwa, imekwenda zake kule karibu na mwamba, na mbele yenu ni mchanga, mwani na madimbwi. Si kwamba mmetapeliwa. Upande wa mashariki pwani ni tambarare, kwa hiyo maji yakikupwa yanarudi mbali sana. Nungwi na Kendwa, kaskazini, hayaendi mbali hivyo, na watoto wanaweza kuogelea karibu saa zote.

Bamvua, yaani siku maji yanapojaa sana na kukupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa inaweza kufika mita nne. Maji hukauka asubuhi kuelekea saa nne au tano, yakajaa alasiri. Kisha kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Ukilijua hilo hata Jambiani panakufaa: asubuhi mdogo anacheza kwenye madimbwi ya maji ya vuguvugu yasiyomfika magotini (mvalishe viatu, kuna wadudu wenye miiba), mchana mnalala, alasiri mkubwa anaogelea kwa haki yake. Usipolijua, utashinda unamtuliza mtoto anayeuliza bahari inarudi lini. Piga simu hotelini kabla ya kulipa, uulize maji yatajaa saa ngapi siku mtakayofika. Wenyeji wanajua, na hawatakushangaa.

Ila kama ni mwezi wa 6, upepo wa kusi unavuma na mkondo wa Zanzibar unachafuka. Boti ni kama saa mbili, na kwa yule wa katikati saa mbili hizo ni ndefu. Chukueni ya asubuhi, kaeni chini na nyuma ambako mrusho ni mdogo, ale mkate mkavu au andazi, maziwa hapana, na mwulize mfamasia dawa ya kichefuchefu inayofaa umri wake, aimeze kabla ya kuondoka na si baada ya kuanza kutapika. Mimi kwa mwaka huu ningeanza na Morogoro, Zanzibar ikangoje.

Huyo wa miaka 12 aliyenuna hukumtaja zaidi ya neno moja, nami namhurumia. Umri huo kuvutwa mkono kama mizigo unauma. Mpe kazi ya kweli: atafute saa za treni, alinganishe vyumba viwili vitatu, awe na sauti kwenye kuchagua. Na kila mtoto ataje kitu kimoja anachokitaka safarini, mkitimize. Utashangaa, pengine wawili kati yao watataja bwawa la kuogelea na chipsi.

Pesa: wekeni kikomo kabla ya kuchagua mahali, na kibubu kianze mapema. Kikijaa nusu, safari iwe nusu. Kukopa kwa ajili ya kwenda kutazama viboko, hapana mwanangu.

Halafu kulala. Usingoje huruma ya mtu. Kabla ya safari, watoto wakisikia, mkubaliane kwamba asubuhi moja ni yako: baba anawaamsha, anawaogesha, anawalisha, anatoka nao mpaka saa nne. Asubuhi nyingine iwe yake, naye aruhusiwe kutofanya lolote. Nguo za watoto azifungashe mmoja, vyakula vya njiani mwingine. Akisahau soksi, msafiri bila soksi.

Wao kwenda wewe ukabaki? Kwa wikiendi moja, kwa nini isiwezekane? Awachukue wakubwa wawili kwa treni hadi Dodoma na kurudi, wewe mdogo umpeleke kwa mama yako, ulale mpaka mchana. Ila si Krismasi ya Rombo. Huko kutokuonekana kwako kutajadiliwa kila nyumba kabla nyama haijaiva, na simu zitakazokuja hazitakuachia usingizi.

Dada wa kazi mchukue iwapo ana kitanda chake, ana saa zake za kupumzika kila siku, na amekubali kwa hiari bila kukatwa mshahara. Kama mpango ni alale sakafuni na watoto, aamke nao usiku na ashinde akifua, mtakuwa mmehamisha uchovu kutoka kwako kwenda kwake. Muulize kwanza. Inawezekana naye ana kwao, na siku hizo nne mkiwa Morogoro angependa nauli ya kwenda kumwona mama yake.