Siku 7 Nilizodhani Ninazo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiomba nimpe amri moja ya kuanzisha hifadhidata ya PostgreSQL kwenye wingu, ainakili, aibandike kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuendelea na shughuli nyingine. Ombi lake lilinichoma kidogo, kwa sababu miaka mitatu iliyopita nami nilifanya vivyo hivyo.

Wakati huo nilikuwa nimezoea kuunda hifadhidata za Amazon RDS, huduma ya kukodi hifadhidata kwenye seva za Amazon, kupitia kivinjari, ambako fomu huja ikiwa imejazwa nusu. Nilipoona wenzangu wote wanatumia mstari wa amri, nikataka nami nionekane fundi. Niliandika `aws rds create-db-instance`, nikataja jina, injini, ukubwa wa seva, gigabaiti 20 za diski na nenosiri. Hifadhidata ilipokuwa tayari nilishinda siku nzima kifua mbele.

Miezi minne baadaye, Ijumaa jioni, programu yetu ya kusafisha rekodi za zamani ilifuta pia rekodi za wateja walio hai, na hakuna aliyegundua mpaka Jumatatu asubuhi. Sikutetereka. Niliueleza mkutano, kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema, kwamba tuna nakala rudufu za siku 7. Hatukuwa nazo. Siku 7 ni za anayeunda hifadhidata hiyo kupitia kivinjari. Anayetumia mstari wa amri bila kutaja muda wa kutunza nakala hupewa siku 1 tu, na mimi sikuwa nimeutaja. Data ya Ijumaa mchana haikuwepo tena popote. Tulizirudisha rekodi kwa mkono, tukiokoteza kwenye barua pepe na majedwali, kwa karibu wiki mbili. Mkuu wangu hakunigombeza. Aliacha tu kuniuliza maoni, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tangu hapo sibonyezi kitufe kabla ya kujiuliza ni kitu gani sijakitaja, kwa kuwa usichokitaja kimekwisha kuamuliwa na mtu asiyeijua kazi yako. Taja `--backup-retention-period`, yaani muda wa kutunza nakala, ambao hufika hadi siku 35. Taja `--deletion-protection`, ili amri ya kufuta iliyoandikwa kwa haraka ikataliwe. Taja `--storage-encrypted` tangu mwanzo, maana hifadhidata iliyoanza bila usimbaji fiche, yaani kuficha data isisomeke bila ufunguo, haiwezi kuwashiwa baadaye palepale ilipo: itakubidi uchukue nakala yake, uinakili upya ikiwa imesimbwa, kisha uunde hifadhidata nyingine kutokana na hiyo. Nenosiri nalo usiliandike ndani ya amri kama nilivyofanya, kwa sababu hubaki kwenye historia ya terminali. Tumia `--manage-master-user-password`, nalo litatengenezwa na kutunzwa mahali pake. Najua wengi wetu tunataka kusifiwa kwa wepesi wa vidole, lakini anayejivunia amri fupi hajawahi kuulizwa data iko wapi. Tajeni vigezo, ndugu zangu, tajeni hata vile mnavyodhani vinajulikana.

Mwezi uliopita programu nyingine ilivuruga jedwali la malipo, na safari hii niligundua siku ya tatu nikiwa na nakala za siku 14. Nilitumia `restore-db-instance-to-point-in-time`, amri ya kurudisha data ilivyokuwa wakati fulani, ambayo haiigusi hifadhidata ya zamani bali huunda mpya yenye anwani yake, nikahamisha jedwali lile moja, na kabla ya chakula cha mchana kazi ilikuwa imekwisha. Nakiri nililisimulia jambo hilo kwa watu wengi kuliko ilivyohitajika.

Msomaji wangu nimemtumia amri aliyoiomba, ikiwa na vigezo vyote hivyo, ila mbele ya muda wa nakala sikuweka namba. Akiibandika jinsi ilivyo, itamkatalia.