Maswali ya Wasomaji: Biodizeli Katika Gari la Kawaida

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalo gari la dizeli la miaka mingi, nami nimesikia kwamba injini ya namna hiyo yaweza kuendeshwa kwa mafuta ya mimea, hata yale yaliyokwisha kutumika kukaangia. Rafiki yangu ananihimiza niyachuje tu na kuyamimina kwenye tangi. Je, ni salama? Na ni kweli kwamba biodizeli haichafui hewa?

JIBU: Tunakusihi usiyamimine. Mafuta ya kukaangia yaliyochujwa vizuri hubaki kuwa mafuta ya kukaangia, wala kuchujwa hakuyafanyi kuwa biodizeli. Ni kweli kwamba katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na habari hiyo imewatia moyo wengi. Hata hivyo, nozeli za injini za magari yetu, yaani vitundu vinavyonyunyizia mafuta ndani ya injini, zimeundwa kwa ajili ya dizeli nyepesi, ilhali mafuta ya mimea, yakipimwa katika joto la nyuzi 40 za Selsiasi, huwa mazito kuliko dizeli kwa takriban mara kumi au zaidi. Hayatawanyiki kuwa ukungu mwembamba, kwa hiyo hayaungui yote. Masizi hugandamana kwenye nozeli na kwenye ringi za pistoni, na sehemu isiyoungua huteremka na kuiharibu oili ya injini. La hatari zaidi ni kwamba mwanzoni gari huenda vizuri, na mwenye gari huamini kuwa amefaulu, hali uharibifu unaendelea ndani.

Biodizeli halisi hupatikana pale mafuta ya mimea au ya wanyama yanapochanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) pamoja na kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha badiliko, kwa kawaida kostiki soda, hata yakageuka kikemia. Kwa makadirio, kilo 100 za mafuta na kilo 10 za methanoli hutoa kilo 100 za biodizeli na kilo 10 za gliserini, ambayo ni lazima itenganishwe, kisha biodizeli yenyewe isafishwe na kukaushwa. Yako maelekezo mengi ya kuifanya kazi hii nyumbani, nasi hatuyaungi mkono: methanoli ni sumu inayoweza kumpofusha mtu au kumwua, mvuke wake hushika moto upesi, na mwali wake hauonekani kwa urahisi mchana. Zaidi ya hayo, bila vipimo vya maabara huwezi kujua kama gliserini, maji na mabaki ya kostiki soda vimetoka vyote.

Ukipata biodizeli iliyotengenezwa kwa viwango, tazama kiasi chake katika mchanganyiko. Alama B5 maana yake ni asilimia 5 ya biodizeli ndani ya dizeli ya kawaida, B20 ni asilimia 20, na B100 ni biodizeli tupu. Kiwango cha Ulaya cha dizeli huruhusu hadi asilimia 7, na kile cha Marekani hadi asilimia 5, bila gari kuhitaji mabadiliko yoyote. Injini nyingi huvumilia B20, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha gari lako. Kwa gari la zamani, B100 hulainisha na kuvimbisha mipira ya asili iliyomo katika mabomba na sili za mfumo wa mafuta, hata ikaanza kuvuja. Tena, biodizeli huyeyusha uchafu wa miaka mingi uliolala tangini na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo uwe na filta ya akiba tangu siku za kwanza.

Kuhusu hewa, moshi wake hupungua masizi na monoksidi ya kaboni, na salfa karibu haimo, ingawa oksidi za nitrojeni, ambazo nazo ni gesi chafu, zaweza kuongezeka kidogo. Hewa ya ukaa bado hutoka; faida ni kwamba sehemu kubwa yake ilifyonzwa na mmea ulipokuwa ukikua. Faida hiyo hutoweka msitu unapofyekwa ili kupanda michikichi au soya ya mafuta hayo, na ndiyo maana sisi tunayathamini zaidi mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, mradi yapitie kiwandani kwanza.

SWALI: Je, naweza kuitia biodizeli katika gari la petroli?

JIBU: La, hata kidogo. Ikiingia kwa bahati mbaya, usiiwashe injini. Mwite fundi aumwage mchanganyiko wote.

SWALI: Gari langu hutumia B20, nalo hukaa miezi kadhaa bila kuendeshwa. Nichukue tahadhari gani?

JIBU: Biodizeli huharibika kwa kukutana na hewa, na huvuta maji kuliko dizeli, na katika maji hayo huota vijidudu vinavyoziba filta. Kabla ya kuliegesha gari kwa muda mrefu, ni afadhali utumie B20 iliyobaki na kujaza dizeli ya kawaida, na usiache tangi likiwa nusu tupu, kwa kuwa unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone. Mahali penye baridi kali, uliza pia imetokana na mafuta gani: ya mawese na ya wanyama huanza kuganda hata kabla ya nyuzi sifuri, ilhali ya rapa, mmea wa mbegu za mafuta, hustahimili baridi zaidi.