Maswali ya Wasomaji: Michirizi ya waliotangulia si dhamana

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Davos, Uswisi. Wenzangu kazini wamenialika Jumamosi tupande mlima nje ya njia rasmi za skii, kisha tuteremke upande wa kaskazini. Taarifa ya maporomoko ya theluji inatoa kiwango cha 3 kati ya 5. Wenzangu wanasema 3 ni katikati tu, kwamba jua limewaka siku tatu mfululizo, na kwamba mteremko huo una michirizi ya watu walioteleza juzi wakarudi salama. Je, niende?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyonipa, mteremko huo usiuteremke Jumamosi.

Viwango hivyo havipandi kwa hatua sawa kama ngazi za nyumba. Hatari huongezeka kwa kasi kutoka kimoja hadi kingine, na huko Uswisi karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea siku za kiwango cha 3, ambazo mara nyingi ni siku za kupendeza zinazowatoa watu nyumbani. Usiishie kwenye namba. Soma maelezo yote ya SLF, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko hapo hapo Davos, kwani hutaja miteremko inayotazama upande gani, na kuanzia mwinuko gani, ndiyo yenye hatari zaidi.

Kuhusu jua, katikati ya majira ya baridi haligusi sana miteremko ya kaskazini, na huko ndiko tabaka dhaifu hudumu kwa wiki nyingi. Theluji ya mwanzo wa msimu ikiwa nyembamba na usiku ukawa wa baridi kali, mvuke hupanda kutoka chini, ambako kuna joto kidogo zaidi, na kuzigeuza chembe za theluji kuwa kubwa, kavu na zisizoshikana. Nilipofundishwa kuchimba shimo la kukagua theluji, mwalimu alizichota chini kabisa akanimwagia kwenye glavu, nazo zikachuruzika vidoleni kama sukari. Upepo ukilaza bamba gumu la theluji juu ya chembe hizo, linakuwa kama ubao uliowekwa juu ya punje za mtama. Uzito wa mtu mmoja unatosha kuvunja tabaka la chini, ufa ukasambaa, na bamba zima likaondoka naye. Katika ajali nyingi za aina hii, aliyeliamsha poromoko ni aliyefunikwa mwenyewe au mwenzake.

Hapo ndipo hoja ya michirizi inapoanguka. Watu tisa wanaweza kupita mahali bamba ni nene, na wa kumi akakanyaga palipo pembamba, kando ya mwamba, akaliamsha lote.

Unachoweza kukipima kwa hakika ni mwinamo. Maporomoko ya mabamba hutokea hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na ramani za Swisstopo, ofisi ya ramani ya serikali ya Uswisi, hupaka rangi sehemu zinazozidi nyuzi 30. Waombe wenzako mchague njia iliyo chini ya hapo, isiyopita chini ya mteremko mkali, kwa sababu tabaka dhaifu linaweza kuvunjika ukiwa bado tambarare na kuuangusha mteremko ulio juu yako. Mkisikia theluji ikiguna na kushuka ghafla chini ya miguu, au mkiona nyufa zikikimbia mbele ya skii, rudini hata kama kilele kinaonekana.

Kila mmoja avae kifaa cha mawimbi cha kutafutia waliofukiwa, kikiwa kimewashwa, na abebe fimbo ya kuchomeka kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa na beleshi. Jizoezeni kuvitumia kabla ya Jumamosi. Wengi wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 huwa hai, lakini baada ya hapo nafasi hiyo hushuka haraka sana, na helikopta ya uokoaji ni nadra kuwahi. Watakaokufukua ni hao hao unaoondoka nao asubuhi, kwa hiyo waulize leo ni lini mara ya mwisho walifanya mazoezi.