Ukurasa wa Kwanza Nimeuandika Mara Tisa

SWALI: Mwalimu, salaam kutoka Igombe, ufukoni mwa Ziwa Victoria, Mwanza. Nina umri wa miaka 46, na nimeishi kwa biashara ya dagaa tangu nilipomaliza kidato cha nne. Marehemu mama yangu aliifanya kazi hii hii mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, kabla yangu, na tangu alipofariki nimekuwa na hamu ya kuandika riwaya juu ya mwanamke kama yeye. Nimenunua kaunta buku, nikaanza na kuzaliwa kwake, lakini ukurasa wa kwanza nimeuandika na kuuchana mara tisa, kwa kuwa kila nikiusoma naona Kiswahili changu si cha vitabuni. Je, nianzie wapi? Je, elimu yangu inatosha? Na je, muda nitaupata wapi?

Mama wa Mwaloni, Ilemela

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mama. Katika barua yako yote, sentensi iliyonikaa moyoni ni ile ya kuuchana ukurasa mara tisa, kwa sababu kurasa tisa zinakaribia kuwa sura nzima ya kitabu. Nguvu ya kuandika unayo, ila umeimalizia yote mlangoni, nyumba yenyewe ikiwa bado haijajengwa. Ukurasa wa kwanza wa riwaya ni mgumu kuliko kurasa nyingine zote, kwani unapaswa kumtambulisha mhusika, mahali, wakati na sauti ya msimulizi kwa mkupuo mmoja, na mwandishi hawezi kuyatambulisha vizuri mambo ambayo yeye mwenyewe bado anayatafuta. Ndiyo maana wapo waandishi wanaouandika upya baada ya kuufikia mwisho wa kitabu. Nakuomba uuache kabisa kwa sasa.

Anza na tukio unalolijua hadi vidoleni. Chukua, kwa mfano, mvua inayoshuka ghafla dagaa wakiwa wameanikwa mchangani. Wewe unajua jinsi anga la upande wa ziwa linavyobadilika rangi, nani hukimbilia turubai na nani hukimbilia ufagio, watoto huitwa kwa sauti ya namna gani, na ni wakati gani mama anatambua kwamba mzigo ule hautauzwa tena kwa chakula cha watu, utakwenda kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa. Mwandishi asiyewahi kuanika dagaa anaweza kuuliza akaelezwa hayo yote, lakini hatajua harufu yao inavyogeuka ifikapo siku ya pili. Liandike tukio hilo peke yake, kuanzia tone la kwanza mpaka mama anapofika nyumbani na kumkuta aliyemkopesha mtaji ameketi kwenye kiti akimsubiri. Usituambie kwamba alikuwa mwanamke mvumilivu. Tuonyeshe mikono yake inafanya nini wakati anazungumza na mdai wake, na msomaji atauona uvumilivu huo, au atauona uoga, au ujanja, kadiri utakavyotaka wewe.

Ukimaliza hapo, utakuwa na mtu anayetaka jambo fulani na kizuizi kilichosimama mbele yake, na riwaya huota kutokana na mbegu hiyo. Jiulize fedha zile alizikopa kwa ajili ya nini, na jibu lake litakuwa tukio la pili. Jiulize mdai alifanya nini kesho yake, nawe utapata la tatu. Huenda kuzaliwa kwa mama kusihitajike popote, au kukahitajika kwa aya moja tu katikati ya kitabu, pale msomaji atakapokuwa amekwisha kumpenda na anataka kujua alikotoka. Na kwa kuwa unaandika riwaya, mhusika wako si lazima afanane na mama yako kwa kila jambo. Mpe jina lake mwenyewe mapema, ili uwe huru kumwacha akosee.

Kuhusu Kiswahili kisicho cha vitabuni, hapo nina msimamo mkali kidogo. Makosa ya tahajia na ya upatanisho wa sarufi yanarekebishika, na mhariri yupo kwa kazi hiyo. Ukiliondoa neno la mwaloni kwa kuona haya, hakuna mhariri atakayeweza kulirudisha, kwa kuwa hakulijua tangu mwanzo. Acha dagaa wapimwe kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, acha karabai ziitwe karabai, na mzee anayefika alfajiri akiamkia “Mwangaluka”, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, aitikiwe kama anavyoitikiwa siku zote. Msomaji wa Tanga au wa Mombasa ataelewa kutokana na jinsi watu wanavyotenda. Kidato cha nne kinatosha. Kisichotosha ni kuandika bila kusoma; basi pitia Maktaba ya Mkoa pale mjini, uazime riwaya mbili tatu za Kiswahili, na uzisome kwa jicho la fundi: mwandishi ameingiaje katika mazungumzo, ameruka miaka mitano kwa sentensi ngapi, sura ameikatia wapi.

Nawe umetoka katika ziwa lenye mfano mkubwa. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alikamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu aliyoiandika kwa Kikerewe, ambamo aliweka maisha ya watu wake katika ndoa, kilimo, uvuvi na uganga, kwa undani ambao wengine wangeuona ni mambo madogo mno. Kitabu hakikupata mchapishaji katika lugha hiyo. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 ni mingi mno, wala simwombei mwandishi yeyote subira ya namna hiyo, lakini mswada ule uliweza kusubiri kwa sababu ulikuwa umefika mwisho. Mswada ulioishia sura ya tatu hauna cha kusubiri.

Muda, nadhani, utapewa na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hupumzika na mwalo hupoa. Zifanye siku hizo kuwa siku zako za kitabu. Ukiandika maneno 300 kwa siku, ambayo ni takriban kurasa moja na nusu za kaunta buku kwa mwandiko wa kawaida, katika siku kumi utapata maneno 3,000, na kwa mwaka mmoja maneno 36,000, ambayo ni riwaya fupi kamili. Giza likirudi, usijilazimishe kuandika. Nunua kijidaftari cha kutia mfukoni uandike humo neno ulilolisikia au ugomvi ulioushuhudia, vikungoje. Jambo moja nakusihi sana: usirudi nyuma kusahihisha kabla ya kufika mwisho. Ukigundua kosa, liandike pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, uendelee. Na kuchana karatasi, dada yangu, kuanzia leo ni mwiko.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025, vijana huniomba niwasimulie enzi za kivuko, nami husimulia hata saa mbili, lakini nikishika kalamu maneno hukauka. Pia nahofia kwamba mtu atakiiba kisa changu kabla sijakiandika.

Mzee wa Pantoni, Sengerema

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Maneno hukauka kwa sababu karatasi haiulizi swali, na wewe umezoea kuulizwa. Mwombe mjukuu mmoja akuulize juu ya siku moja tu ya kazi, huku akikurekodi kwa simu, kisha uandike kutokana na sauti yako mwenyewe, ukiacha marudio na kuongeza ambayo kijana hakuyaona. Majina na tarehe uzihakiki kwa wenzako wa zamu mapema, maana wapo ambao hawatakuwapo miaka kumi ijayo.

Kuhusu wizi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, ila sheria hailindi wazo lililo tupu. Mtu mwingine anaweza kuandika kitabu chake juu ya kivuko hicho hicho, lakini hawezi kuyachukua maneno uliyoyaandika wewe. Basi tia tarehe katika kila daftari, weka nakala kwa mtoto unayemwamini, na anza na asubuhi ile ambayo vijana hukuomba uirudie kila wanapokutembelea.