Mbao zilizookwa kwa ajili ya sauna: zinafaa, ila si kila mahali

Umeuliza kama mbao zilizookwa kwa joto zinafaa sauna (chumba cha joto kali cha kukaa na kutoa jasho) au ni maneno ya wauzaji tu. Zinafaa kabisa. Zinapashwa nyuzi za Selsiasi kama 180 mpaka 215 hivi kwa mvuke, bila kemikali, na ile sehemu ya mbao inayopenda kunyonya maji inavunjika, kwa hiyo haivimbi na kusinyaa ovyo, kuvu nao wanakosa chakula, na kama ni msonobari utomvu mwingi unakuwa ushatoka so haukudondokei mgongoni ukiwa umekaa. Rangi inakuwa kahawia mpaka ndani.

Lakini tafadhali usizitumie kubeba uzito wa jengo, joto linazipunguzia nguvu na zinakuwa na tabia ya kukatika kirahisi, fremu ya chini ya benchi weka mbao ya kawaida iliyo imara. Toboa kwanza kwa drili kabla ya skrubu la sivyo zinapasuka, na skrubu ziwe za stenlesi. Pa kukalia usipake vanishi jamani, ile ikipata moto inanuka na inaunguza ngozi. Na uingizaji hewa lazima, unyevu ukituama hata hizi zitaota ukungu.