Muulize Fundi: Diski ya hesabu za dagaa haijafa

SWALI

Shikamoo Fundi. Namtunzia mjomba wangu hesabu za dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Kompyuta yetu ya mezani inatumia Linux ya Ubuntu. Ilikuwa na diski mbili: ya GB 320 yenye mfumo, na ya TB 1 yenye hesabu za miaka minne, pamoja na madeni ya wateja wa mpaka Kongo. Zilipoingia siku za mbalamwezi na mitumbwi ya dagaa ikalala, nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikainakili ile ya GB 320 kwenye SSD ya GB 480, nikaitoa, nikafunga SSD. Sasa mashine ikiwashwa inakwama, skrini nyeusi inasema kwa Kiingereza kwamba iko kwenye hali ya dharura. Jirani mwenye duka la steshenari anasema diski kubwa imekufa, niifomati tuanze upya. Mjomba bado hajui. Nimekupigia picha ya kilichotokea nilipoandika lsblk -f, amri ya kuorodhesha diski.

Msomaji, Kirumba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote: usifomati kitu chochote. Picha yako nimeikuza nikaisoma mstari kwa mstari. Diski ya TB 1 ipo, patisheni yake (kipande kilichogawiwa ndani ya diski) ipo, aina yake ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), na lebo uliyoipa, "hesabu", inasomeka vilevile. Hesabu za mjomba hazijaenda popote.

Kilichobadilika ni kiti. Zamani patisheni hiyo ilikuwa sdb1. Kwenye picha yako ni sda1, na SSD ndiyo imekuwa sdb. Huenda ulipofunga upya, nyaya za SATA zilibadilishana matundu. Linux hugawa herufi hizo kwa jinsi inavyozikuta diski wakati wa kuwaka, na haiahidi kwamba kesho zitakuwa zilezile.

Wewe unaamkia Mwaloni kila siku. Mtumbwi uliofungwa wa kwanza jana, leo waweza kuwa wa tano. Hakuna mchukuzi anayeambiwa "kapakue mtumbwi wa kwanza". Anatajiwa namba iliyopigwa rangi ubavuni. Patisheni nayo ina namba yake, UUID, iliyoandikwa ndani yake yenyewe. Ukiihamishia tundu jingine, au hata mashine nyingine, inakwenda nayo.

Sasa kuna faili iitwayo /etc/fstab, ambayo mfumo huisoma ukiwaka ili ujue patisheni ipi ifunguliwe wapi. Mstari wa mfumo uliandikwa na Ubuntu wakati wa kusakinisha, kwa UUID, ndiyo maana SSD yako inaanza kuwaka bila shida. Mstari wa diski ya hesabu aliuandika mtu kwa mkono, na bila shaka unasema hivi:

/dev/sdb1 /hesabu ext4 defaults 0 2

Leo sdb1 ni kile kipande kidogo cha kuwashia kilichopo mwanzoni mwa SSD, cha aina nyingine iitwayo vfat. Mfumo unaambiwa ni ext4, unakwenda kukikagua, unakuta sicho, unakataa kuendelea. Mfumo umefanya vizuri kukataa.

Kwenye skrini hiyo nyeusi bonyeza Enter, au andika nywila ya mkuu wa mfumo ikiombwa. Kisha:

mount -o remount,rw /
cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani
blkid /dev/sda1

Amri ya tatu itakupa UUID, mfuatano mrefu wa herufi na namba. Uhakikishe kwenye mstari huohuo imeandikwa lebo "hesabu". Isipoandikwa, simama hapo, usiendelee, maana herufi zimeshabadilishana tena. Ikiwa ndiyo, andika nano /etc/fstab ili uifungue faili hiyo, ufute /dev/sdb1, mahali pake uandike UUID= ukifuatisha na namba ile bila nafasi. Soma herufi moja moja. Mtu mwingine akikusomea kwa sauti ni bora zaidi. Halafu:

systemctl daemon-reload
mount -a

Ikikaa kimya, imekubali. Andika ls /hesabu uone mafaili, kisha uwashe mashine upya.

Utakutana na watu watakaokushauri uongeze neno nofail kwenye mstari huo, ili mashine iwake hata diski ikikosekana. Kwa diski ya picha na muziki, sawa. Kwa hesabu za biashara mimi sikushauri. Siku waya ukilegea, mashine itawaka kama kawaida, /hesabu itakuwa folda tupu iliyo ndani ya SSD, na wewe utaandika mauzo ya siku nzima mahali pasipo pake. Heri ikwame ujue.

Jambo jingine ni ile GB 320 uliyoitoa. Ihifadhi kabatini mpaka mwezi upite, ndiyo akiba yako. Lakini usiichomeke pamoja na SSD na kuwasha, kwa sababu ulipoinakili ulinakili na UUID zake. Itakuwa mitumbwi miwili yenye namba moja, na mfumo unaweza kuingia wowote.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu lilishanipata. Miaka ya nyuma, kwenye kibanda changu Nyegezi, mama mmoja aliniletea diski yenye video za sendofu ya bintiye. Nilikuwa na diski tupu ya kufomati, ambayo jioni iliyotangulia ilikuwa sdb. Asubuhi nikawasha zote mbili, nikaandika amri ya kufomati, mkfs.ext4 /dev/sdb1, kwa kukumbuka, bila kutazama. Ilikuwa ya yule mama. Kwa photorec, programu ya kufufua mafaili, niliokoa vipande vichache. Pesa nilimrudishia, sauti ya marehemu baba wa binti akiongea na wageni sikuipata. Tangu siku hiyo kila diski inayoingia kwangu naibandika plasta nyeupe yenye namba yake ya kiwandani, na kabla ya amri yoyote ya kufuta naandika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL nikiwa nimeishika plasta mkononi.

Mjomba mwambie leo, kabla hujaanza.

SWALI

Fundi, nimenakili diski ya GB 500 kwenye SSD ya TB 1 kwa dd. Imewaka vizuri, ila bado inaonyesha GB 500. Nimeuziwa feki?

Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU

Si lazima. Andika lsblk. Ikiwa diski yenyewe inasoma takriban G 931, ukubwa ni huo; TB 1 ya kiwandani huonekana hivyo. Amri ya dd hunakili na mipaka ya patisheni kama ilivyokuwa, hivyo nafasi mpya imebaki nyuma, haina mwenyewe.

Kama patisheni ya mfumo ndiyo ya mwisho, tuseme sda2, sakinisha cloud-guest-utils, kisha sudo growpart /dev/sda 2 (kuna nafasi kabla ya 2), halafu sudo resize2fs /dev/sda2 ikiwa ni ext4. Hufanyika mashine ikiwa inatumika. Kama kuna patisheni ya swap (ya kusaidia RAM) imekaa katikati, itabidi uwashe kwa flashi yenye GParted, programu ya kupanga patisheni, uisogeze. Kusogeza huko huchukua muda na umeme ukikatika katikati unaumia, kwa hiyo nakili mafaili yako pembeni kwanza, na kama ni laptopu, betri iwe imejaa.