Walimu wapya mnaokuja shamba Pemba, namna ya kununua huku

Assalamu aleikum. Najua wapo wenzetu wamepangiwa skuli za upande wa Micheweni na Konde na ndio kwanza wanafungasha mizigo Unguja, sasa nataka niwaambie jambo la jikoni sio la darasani, mana mimi lilinichukua karibu mwaka kulijua. Huku kitu kinanunuliwa siku kilipofika. Ukingoja mpaka ukitake wewe utakikosa au utakipata ghali.

Mwaka wangu wa kwanza kila Jumamosi nilikuwa napanda gari mpaka mjini Chake Chake, narudi na ndizi, tungule (nyanya) na samaki wa barafu, nauli imeshaliwa na mgongo unauma, na zile ndizi kumbe zilitoka kijiji hikihiki ninachokaa, asubuhi zimeondoka na mchuuzi na jioni zinarudi na mimi. Siku moja bibi jirani ananiona nateremsha mkungu akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi umetususa?" Iliniuma sana. Ana migomba nyuma ya nyumba yake na kila siku napita hapo. Toka siku ile ndizi, majimbi na kisamvu nachukua kwake, na mara nyingi natumiwa mtoto kabisa kuja kunambia mkungu umekomaa.

Sasa samaki, hapa ntakaa kidogo mana ndio raha yenyewe. Lazima ujue maji na mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kutoka, linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka sana na huku kwetu yanakuwa makavu kabisa kama saa nne asubuhi hivi, kina mama wanashuka miambani na adhuhuri pweza anapanda yuko mbichi kabisa. Dagaa ni wa giza, wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti na wavuvi wanapumzika, kwa hivyo wiki ile usishangae hawapo. Kusi, ule upepo wa kusini, likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, hapo utamshukuru Mungu kama ulinunua ng'onda (samaki wa kukausha) na papa mkavu mapema.

Nenda diko la Tumbe, pale wavuvi wanaposhusha samaki, hata mara moja uone mnada. Samaki wanamwagwa chini, mnadi anataja bei, wachuuzi wanapandisha na wa juu anachukua lote. Wewe usiingie kupandisha kwa ajili ya samaki watatu, wale wenye baskeli na vespa ndio riziki yao ile, na ukishinda utaondoka na mzigo usiouweza na friji huna. Muungane walimu watatu wanne mnunue mgawane, au msubiri mchuuzi amalize umwombe akukatie tungo moja, samaki waliotungwa pamoja. Akishakuzoea atakupitia mwenyewe nyumbani, ila na wewe siku akija na vibua tu usimrudishe, mana siku ya kolekole atakupita.

Vipimo visikusumbue. Mchele na maharage ni pishi na kibaba, vibaba vinne ndio pishi, muhogo na tungule kwa fungu, ndizi kwa chane au mkungu, nazi kwa idadi. Bibi anaeuza barazani usimuulize kilo. Salimia kwanza, muulize hali ya watoto, halafu ndio bei, na fungu la bibi mimi huwa siliombi punguzo kwa sababu nyongeza anatia mwenyewe. Mbatata, vitunguu, unga wa ngano na sukari vinakuja kwa meli, hivyo huku havitakuwa na bei rahisi, ukishuka Chake kwa shughuli nyengine chukua huko.

Dukani utaandikiwa kwenye daftari hata hujaomba, mana wewe ni mwalimu. Lipa siku mshahara unapoingia, sio ya tatu yake. Mtaji wa duka la kijijini ni mdogo, walimu wawili wakichelewa mwenye duka anashindwa kwenda kuchukua mzigo na kijiji kizima kinakosa sukari, na wanakijiji wengine hawalipi mpaka karafuu ziuzwe kwa hivyo yeye anategemea nyie wenye mshahara. Na karafuu zenyewe ukiletewa mlangoni usinunue hata kwa bei nzuri, zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kuzinunua uchochoroni ni magendo.

Ramadhani mchana hutaona chakula kinauzwa, watu wanatoka baada ya alasiri na muhogo na majimbi yanapanda bei, weka oda ya mkungu wa ndizi mbichi tangu Shaabani. Na wenzetu wa bara msio Waislamu, kula kwenu ndani tu, hamna atakayewasumbua.

Njooni na noti ndogondogo, chenji huku ni tabu, na kikapu cha ukili, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku siku nyingi.

Kitu kimoja kuhusu pweza. Vipo vijiji vinafunga mwamba, hakuna kuvua pweza, kwa miezi kadhaa ili wakue, Kisiwa Panza kule kusini wanafanya hivyo. Ukiambiwa mwamba umefungwa na mtu akakunong'oneza anae mmoja, usinunue. Ngoja siku ya kufungua, wanatoka wakubwa hasa, na pwani yote inakuwa na watu.